Haluli Aliyoikoroga Kaka Yangu

Siku moja imenikaa kifuani, mwanangu, na nikisema naikumbuka nitakuwa nimesema kidogo. Ilikuwa Jumapili, saa za adhuhuri, katika miaka ya mwisho ya tisini. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko la kaka yangu Hamad, huku Walthamstow, nikimtazama akikoroga haluli katika gilasi ya maji ya vuguvugu. Aliikoroga taratibu, kwa mapenzi, kama mtu anayempoozea mtoto uji. Aliyekuwa akitengenezewa ni Zuwena, mkewe, wifi yangu, ambaye mimba yake ya kwanza ilikuwa imebakisha wiki chache tu.

Sikuhadithii haya ili nimseme vibaya ndugu yangu wa tumbo moja. Nakuhadithia kwa sababu wewe umezaliwa hapa, Kiswahili unakisikia na Kiingereza ndicho unachonijibia, na ukiumwa unatafuta dawa kwenye simu kabla hujamuuliza mtu. Hamad naye hakuwa na simu kama yako, lakini alikuwa na watu wa kijiweni kwa kinyozi. Mambo ni yale yale.

Haluli huenda huijui. Ni chumvi nyeupe, punje zake zinameta kama kioo kilichosagwa, na ina uchungu unaokaa nyuma ya ulimi hata ukinywa maji mtungi mzima. Kwetu Pemba bibi zetu walitunywesha kusafisha tumbo, mmoja anakuziba pua na mwingine anakushika mikono. Wala usidhani ni mambo ya kwetu peke yetu. Jina lake la Kiingereza limetoka katika mji wa Epsom, kusini mwa London hii hii, ambako zamani watu walikuwa wakifunga safari kwenda kunywa maji machungu ya kisimani, wakirudi wameharisha na wakisema wamepona.

Mimi haluli niliijua kwa njia mbili. Niliijua kwa mikono ya bibi, na niliijua kwa kitabu, kwani kabla ya kuja huku nilikuwa mwalimu wa kemia, Chake Chake. Kila mwaka palikuwa na somo ambalo wanafunzi walilingoja kuliko likizo. Nilikata kipande cha utepe wa magnesi, nikakishika kwa koleo, nikakiwasha. Mwanga wake ulikuwa mweupe mno, mweupe wa kuumiza macho, na niliwaonya wasiukodolee. Ukiisha, hubaki unga mweupe unaopeperuka ukiupulizia. Niliwaambia kuwa magnesi ni metali nyepesi, nyepesi kuliko hata alumini, ndiyo maana huchanganywa katika bodi za ndege na magari. Niliwaambia ikishika moto usiimwagie maji, kwa kuwa maji huuzidisha moto ule. Niliwaambia jani haliwi kijani bila ya magnesi, na kwamba mifupa yao na misuli yao na mapigo ya mioyo yao yanaihitaji. Mwisho nikawaambia kwamba hata haluli ya bibi zao ni magnesi iliyoshikana na salfa na oksijeni na maji.

Msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, basi mbona haluli haiwaki?"

Nikamjibu kuwa kitu kikishaungana na chengine tabia yake hubadilika, na jina kuwa moja hakufanyi kazi kuwa moja. Kengele ikalia, nikafuta ubao.

Kuja kwangu London alinipokea Hamad. Lazima nikwambie hili, maana ukisikia yaliyofuata utamchukia upesi, na mimi sitaki umchukie upesi. Alinipokea uwanja wa ndege na koti lake mwenyewe, akanivisha, yeye akatembea na shati kwenye baridi. Alinipa kitanda chake, akalala jikoni mpaka nilipopata kazi ya kuhudumia wazee na chumba cha kupanga kule Lewisham. Mtu mkarimu. Lakini alikuwa ametoka kwetu baada ya kupigwa na kuwekwa ndani kwa ajili ya siasa, na tangu hapo akiona mtu yeyote aliyevaa sare, hata mkata tiketi wa treni, alikuwa akibadilisha njia. Kesi yao ya ukimbizi ilikuwa bado haijaamuliwa. Na pale kwa kinyozi palikuwa na bwana mmoja, mjuaji wa kila kitu, aliyemwambia kuwa hospitali wanauliza makaratasi, na asiyekuwa nayo anafuatwa mpaka kitandani.

Zuwena alikwenda kliniki mara za mwanzo, kisha Hamad akamkataza.

Nilikuwa nikiwatembelea kila Jumapili. Jumapili moja nilimkuta wifi yangu miguu imevimba, nikasema ni kusimama sana. Iliyofuata nilikuta uso wake umejaa, pete haitoki kidoleni. Nikamwambia Hamad ampeleke. Akasema atampeleka. Wiki ile nikampigia simu, akasema anaendelea vizuri. Nikampigia tena. Nikamwendea Bi Salma, mama wa makamo aliyetangulia kuja huku zamani sana, ambaye Wapemba na Waunguja wote wa mtaa ule walimtii, nikamwomba aseme naye. Bi Salma alisema naye. Hamad alimwitikia "Naam, Bi Mkubwa," akambusu mkono, na hakufanya kitu. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Walisema, na sisi tunaisema methali hiyo kila siku, na bado tunaficha.

Basi Jumapili ile nilifika nikamkuta Zuwena amekaa kwenye kochi, pazia limefungwa kwa kuwa mwanga ulikuwa ukimuumiza.

"Wifi, kichwa kinanipasuka," akaniambia. "Na naona vimulimuli. Wewe huvioni?"

Nilikwenda jikoni, na ndipo nilipomwona Hamad na gilasi yake.

"Ana maji mengi mwilini," akasema bila kugeuka. "Unaona alivyovimba. Hii itayatoa. Jana nimempa, ameharisha, na uvimbe wa miguu umepungua kidogo."

"Kaka, mke huyu anataka hospitali. Sasa hivi."

"Raya, wewe ni mwalimu. Hii si magnesi? Si wewe mwenyewe ulikuwa ukisema mwili unaihitaji?"

Akanigeuzia pakiti, akanionesha maandishi ya Kiingereza: salfeti ya magnesi. Alitabasamu kidogo, kama mwanafunzi aliyepata jibu. Kabla sijamjibu tukasikia kishindo sebuleni.

Zuwena alikuwa chini. Macho yamepanda juu, meno yameumana, mwili mzima unampiga kama anayetikiswa na mtu. Kifafa cha mimba, mwanangu, ukikiona mara moja hukisahau. Nilimlaza ubavu, nikamwondolea meza asijigonge, nikaikimbilia simu. Hamad akafika kabla yangu. Akaukamata mkono wa simu akaubana kifuani.

"Usipige! Raya, tafadhali, usipige. Itapita. Watatuchukua."

"Watatuchukua wapi? Mkeo anakufa!"

Hakuwa akinisikia. Alikuwa akilia, na simu kaishikilia kwa mikono yote miwili. Sikupigana naye. Niliteremka ngazi mbio, miguu mitupu, nikaingia kwenye duka la kufulia nguo la Mturuki mmoja, lililokuwa chini ya nyumba yao, nikasema maneno ya Kiingereza ambayo mpaka leo sijui yalikuwa maneno gani. Mturuki yule aliniangalia usoni mara moja, akapiga simu yeye, kisha akafunga duka na kupanda nami juu. Hatukujuana. Alimshika Hamad mabega, akamkalisha, mpaka gari la wagonjwa likafika.

Hospitali, Zuwena alifanyiwa upasuaji. Mtoto alikuwa wa kiume. Alivuta pumzi kidogo, pumzi za kuhesabika, akaenda zake. Hamad alimwadhinia sikioni, mtoto akiwa tayari anapoa.

Kisha tukaruhusiwa kumwona mama. Alikuwa amelala, na mfuko wa dawa umening'inia ukimdondokea katika mshipa. Mkunga aliyekuwa akimwangalia alitusikia tukinong'onezana, akatugeukia.

"Kumbe mnaongea Kiswahili? Poleni. Poleni sana, jamani. Mimi ni Wakio, kwetu ni Taita, Kenya." Akatushika mikono, mmoja baada ya mwingine. Ndiye mtu wa kwanza siku ile aliyetupa pole kwa lugha yetu, na mimi nililia hapo, si kabla.

Hamad alikuwa anautazama ule mfuko. "Sista, dawa hiyo ni dawa gani?"

"Inaitwa magnesium sulphate. Ni ya kuzuia hiyo kifafa isirudi."

Nilimwona kaka yangu akiinua uso. Mwanangu, nimeona nyuso nyingi katika kazi yangu ya kuhudumia wazee, nyuso za watu wanaokufa na za watu wanaofiwa. Sijapata kuona uso kama ule. Ulikuwa uso wa mtu anayezama aliyeona kamba.

"Ni haluli," akasema. "Raya, ni haluli! Ndiyo ile ile niliyokuwa nikimpa!"

Wakio alimwangalia, kisha akaniangalia mimi. Alikuwa amekwisha elewa. Hakupandisha sauti.

"Baba, nisikize. Ile ya kunywa inaishia kwa tumbo. Inavuta maji ikuharishe, basi. Kwa damu inafika kidogo sana, na hiyo kidogo haizuii kifafa. Uvimbe wa huyu mama haukuwa maji ya kuharishwa. Ilikuwa presha." Akachukua nyundo ndogo ya mpira, akamgonga Zuwena chini ya goti, mguu ukaruka kidogo. "Unaona? Hii tunamwekea kwa mshipa, kwa kipimo, na namwangalia hivi kila saa. Goti, pumzi, mkojo. Dawa hii hutolewa na figo, na figo zake zimechoka. Ikizidi, kwanza goti linalala. Halafu pumzi inasimama. Tuna dawa nyingine hapa kando, ya kalsiamu, ya kuirudisha ikizidi. Si dawa ya kupeana nyumbani."

"Lakini ni kitu kile kile," akasema Hamad.

"Ni kitu kile kile," Wakio akakubali. "Lakini si kazi ile ile."

Nilitaka kucheka na kulia. Maneno yale yale niliyowaambia wanafunzi wangu nikafuta ubao.

Na sasa nikuonjeshe lililo chungu kuliko haluli. Siku zote Zuwena alizolazwa, hakuna aliyetuuliza makaratasi. Sisemi kwamba hofu haina msingi kwa kila mtu na kila mahali, ila nasema yaliyotupata sisi. Walituuliza jina la mgonjwa, umri, mimba ni ya miezi mingapi, na kama kuna dawa inayomdhuru. Basi. Nilimsikia Hamad akijibu, na kila alipojibu sauti yake ilizidi kupungua.

Angeishia hapo, ningekaa naye. Ningekaa naye nikamlilia mtoto wake, na tungezeeka pamoja na jambo lile kati yetu bila ya kulitaja. Lakini mtu akishindwa kuubeba ukweli huutafutia mbebaji.

Siku ya khitma, kisomo cha kumwombea mtoto, nyumba ilijaa. Wanaume walikaa sebuleni, wanawake chumbani na jikoni, na mlango uko wazi kwa ajili ya hewa. Mimi nilikuwa nikigawa kahawa. Nikamsikia Hamad akiwaambia wenzake, "Mie nilikwisha kuanza kumtibu. Hata wazungu wenyewe walimpa haluli ile ile, nimeiona kwa macho yangu, muulizeni Raya. Tatizo lao walimchelewesha, wakamkatakata." Wanaume wakaguna kwa masikitiko. Mmoja akasema, "Wazee wetu walikuwa na elimu." Yule mjuaji wa kinyozi naye alikuwapo, akitikisa kichwa kuliko wote.

Niliumeza ukweli. Wallahi niliumeza. Nikaenda jikoni kujaza birika. Huko nikamkuta msichana mmoja wa Kiunguja, Maryam, mimba yake imetokeza chini ya buibui, akimuuliza mwenziwe kwa sauti ndogo, "Kwani wanatia vijiko vingapi? Mie nami miguu imeanza."

Nilitua birika. Nikaenda nikasimama katika mlango wa sebule, mbele ya wanaume wote, kichwa changu kimefunikwa, nikasema ili wote wa pande zote mbili wasikie:

"Haluli haikumtibu Zuwena. Haluli ilimchelewesha. Alivimba wiki mbili, nikasema apelekwe, hakupelekwa. Alipoanguka nikataka kupiga simu, kaka yangu akanipokonya simu. Mwenye mimba aliyevimba aende hospitali leo. Leo hii."

Msomaji aliyekuwa na juzuu mkononi aliifunga. Hamad hakunitazama. Aliyezungumza ni Zuwena, kutoka kitandani chumbani, sauti yake dhaifu ikipita juu ya vichwa vya wanawake.

"Wifi, umenizikia mwanangu mara ya pili. Muache mume wangu na heshima yake."

Ndipo Hamad akasema, akiutazama mkeka, "Raya, toka nyumbani kwangu."

Nikatoka.

Bi Salma alinifuata. Alikuwa mzito wa miguu, akateremka ngazi akijishikiza ukutani, akanikuta sokoni nikitembea bila ya kujua ninakokwenda. Akanishika mkono kama mtu amshikavyo mtoto mwizi.

"Umesema kweli," akaniambia. "Hakuna aliyesema kweli leo isipokuwa wewe. Lakini umeimwaga yote, Raya, kwa mara moja, juu ya mtu aliyezika mtoto juzi, mbele ya wageni wake, juu ya mkeka wa khitma. Na mwenye kuzaa umemsahau. Ulimuuliza Zuwena kama yuko tayari kusikia? Ungemvuta yule msichana pembeni, ukamwambia yeye peke yake. Ungengoja arubaini ipite ukamkalia kaka yako. Mtu hakosolewi na huku analia."

"Na waume wa wenzangu waliokuwa sebuleni, Bi Mkubwa? Ambao wangekwenda zao na haluli kichwani?"

"Umewapa haya, hukuwapa elimu. Mwenye haya hasikii."

Nilikuwa kijana, nilikuwa na hasira, nikamwambia kwamba heshima ndiyo iliyomuua mtoto yule. Bi Salma hakukasirika. Aliniambia tu, "Pengine. Panda basi, mwanangu, kuna baridi." Huo ndio uliokuwa mwisho wa mazungumzo yetu juu ya jambo hilo. Alifariki miaka michache baadaye, na mimi nilimwosha pamoja na wenzangu.

Msema kweli, walisema, hukimbiwa na rafiki zake. Hawakusema anakimbiwa mpaka lini. Makaratasi ya Hamad na Zuwena yalitoka, wakahamia mji mwengine, wakapata watoto wawili wa kike, kwa salama, hospitali, tangu wiki za mwanzo. Niliyasikia kwa watu. Mama yetu alipofariki Pemba, mimi na Hamad tulikutana kwenye matanga yaliyofanywa huku, na ndugu yangu aliyenivisha koti lake alinipa mkono wa pole kama ampavyo mtu aliyemkuta mlangoni. "Mungu ampe kauli thabiti," akasema. Nikasema, "Amina." Akapita kwenda kwa mwingine.

Yule Maryam nilikutana naye baada ya miaka, soko la Lewisham, akichagua bamia, na pembeni yake mtoto wa kiume mwenye mkoba wa shule. Alinijua yeye. Akanikumbatia mbele ya muuza mboga.

"Siku ile ile mume wangu alinipeleka," akaniambia. "Presha ilikuwa juu. Walinilaza papo hapo."

Nikamuuliza swali lililokuwa likinila miaka yote. "Ningekuvuta pembeni nikakwambia kwa siri, ungekwenda?"

Alifikiri kwa uaminifu, nampa haki yake. "Mie ningekwenda, bi. Lakini mume wangu asingenipeleka. Yeye alikuwa sebuleni."

Basi niambie wewe, mwanangu, ningefanya nini? Bi Salma alikuwa na haki na Maryam alikuwa na mtoto aliye hai. Nilirudi nyumbani na bamia zangu sijui hata nilizinunua vipi.

Halafu akaja Zuwena. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, mchana wa siku ya kazi. Alikuwa amesafiri peke yake kwa koche, lile basi la masafa marefu, wala hakumuaga Hamad. Alikaa kwenye kiti changu bila ya kuvua koti, chai ikapoa mbele yake.

"Wifi, mie sikumbuki kitu cha siku ile," akasema. "Nakumbuka pazia. Kisha nakumbuka nimeamka, tumbo liko tupu. Yaliyo katikati nimeambiwa na mume wangu, na wewe uliyasema vyengine, nami nilikutukana. Wanangu sasa wanauliza kaka yao alikufa vipi. Nimechoka kusimulia jambo nisilolijua. Nambie."

Safari hii niliuliza kwanza. "Unataka yote?"

"Yote. Lakini pole pole."

Nikamwambia. Nilimweleza magnesi ni nini, na iliyo kwenye gilasi na iliyo kwenye mshipa zinatofautiana vipi. Nilimweleza mkono wa simu, na Mturuki, na adhana ya baba kwa mtoto. Sikumficha kwamba Hamad alikuwa akilia. Hakulia yeye. Alikuwa akisikiliza kama mtu anayehesabu maua ya zulia katika nyumba ya mtu mwingine, macho yako chini. Nilipomaliza aliniuliza neno moja.

"Tungekwenda wiki ile ya mwanzo, mwanangu angeishi?"

Mwanangu, mimi ni mwalimu. Kwa maswali nimezoea kuwa na majibu. Nilisema, "Huenda, wifi. Wengi huishi. Wa kwako sijui, na nikikwambia najua nitakuwa mwongo."

Akasema, "Yeye anajua. Ndiyo maana halali upande wa simu." Akainuka, akafunga koti, akarudi kwa mumewe. Hakunialika kwao, na mimi sikumuuliza. Tangu hapo hupiga simu siku ya Idi, hunipa watoto niwasalimu, na Hamad huwa hayupo.

Sasa sikia ninalokutakia ulishike, na ulishike kwa mikono miwili.

Kitu usikijue kwa jina tu. Magnesi ni mwanga wa kupofua macho, ni kijani cha jani, ni bodi ya ndege, ni chumvi ya kuharisha, ni dawa ya kumrudisha mzazi kutoka kaburini, na ni hiyo hiyo inayoweza kumzima pumzi. Ukiambiwa "ni kile kile," uliza kinaingia wapi, kwa kipimo gani, na nani anamwangalia mgonjwa. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kukoroga. Na wewe binti, au wewe mwenye mke, mimba ikija na kichwa cha kupasuka, uso wa kuvimba na vimulimuli vya macho, usingoje Jumapili, usingoje mjuaji wa kinyozi, wala yule wa kwenye simu. Nenda. Wa kukuuliza makaratasi na akuulize ukiwa hai.

Na ukweli ukikufikia mkononi, useme. Bi Salma aliniachia nusu ya nasaha, Maryam akaniachia nusu nyengine, na mimi sijaweza kuziunga. Nakupa zote mbili kama zilivyo. Ukiwa na muda, sema pole pole na muulize mwenye msiba kama yuko tayari. Ukiwa huna muda, piga kelele, ukijua kwamba utalipa, na pengine utalipa kwa ndugu. Usije ukasema hukuambiwa kwamba kuna malipo.

Mola akukinge na ujuzi wa nusu, wako na wa wanaokupenda. Akujaalie uzazi wa salama, nyumba isiyo na mlango uliofungwa, na ndugu mwenye kusikia kabla ya kilio. Na ukifika pa kuchagua kati ya kupendwa na kusema, akupe kifua cha kusema, kisha akurehemu kwa yale utakayoyapoteza. Amina, mwanangu. Amina.